Mwanga wa Goti la Kulia

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana huteleza. Wa dada yake Fundi uliteleza mezani, mbele ya mama yao, sahani zikiwa bado hazijaondolewa.

"Dawa imefika," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye goti."

Mama akaacha kukusanya sahani. Fundi, ambaye alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti cha pili kwa sababu goti halikunjiki tena, akageuza kichwa polepole.

"Goti la nani?"

"La panya."

"Aa. Nikadhani la mtu." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakucheka, na mama hakucheka. Walikuwa wanamtazama dada kama watu wa jangwani wanavyotazama wingu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha wanyama wa maabara. Wenzake walimwita Mama Panya, maana aliwasemesha kabla ya kuwachoma sindano, na akiwaweka mezani aliwatandikia kitambaa cha joto wasije wakapata baridi usingizini. Pale maabara walikuwa wanatengeneza chembe za kubebea dawa, ndogo kiasi kwamba uzipange mamia kwa mamia ndipo upate unene wa unywele mmoja. Kitu kidogo hivyo kikishaingia kwenye damu, nani atakiona? Kwa hiyo kila chembe hufungiwa punje ya madini yenye mionzi. Panya anadungwa kwenye mshipa wa mkia, analazwa kwa gesi, anaingizwa ndani ya mashine iliyo kama pete, na kwenye kioo cha kompyuta unaona mwanga pale madini yalipo. Mwanga ukiwa hapa, unasema chembe iko hapa.

Panya wale walikuwa wamepandikizwa saratani ya mfupa, goti la kulia. Na mwanga ulikuwa pale pale, goti la kulia, umejikusanya kama kaa la moto.

Saratani ya Fundi nayo ilikuwa ya mfupa, na mguu nao wa kulia. Alikuwa mshonaji, mwenye cherehani ya kukanyaga aliyoiweka barazani, akifanya kazi huku akijibizana na wapita njia. Daktari wa mifupa alikwisha kusema mguu ukatwe, tena upesi, kabla uvimbe haujapeleka watoto wake kifuani. Siku ya kulazwa ilikuwa imepangwa. Fundi alikuwa amekubali, si kwa moyo mmoja, lakini amekubali. Hata cherehani alikuwa ameanza kuitafutia mnunuzi.

Baada ya chakula kile, hakuitafutia tena.

"Daktari ana haraka ya kukata kuliko mimi," alisema, "na fundi wa kukata ni mimi. Kitambaa ukishakikata hakirudi. Tungoje hiyo dawa ya dada."

"Hao ni panya, mdogo wangu," dada alisema. "Mpaka ifike kwa watu ni miaka."

Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayekataa zawadi huku mkono ameunyoosha. Moyoni alikuwa anahesabu nani wa kumwomba, mlango upi wa kugonga, ili ndugu yake awe wa kwanza kupewa. Siku ya kulazwa ikafika, Fundi akakaa barazani akishona suruali za mtu kwa mguu wa kushoto peke yake. Mama akamchemshia maji.

Zilipita wiki. Goti likavimba, ngozi ikang'aa.

Siku moja, adhuhuri, wakaletwa panya wazima, wasiopandikizwa ugonjwa wowote, wale wa kulinganishia. Walitakiwa wapigwe picha tangu mwanzo, ila walikuwa wamechelewa kupatikana, na kila mtu alikuwa na hamu ya kuwaona wagonjwa kwanza. Mama Panya akawadunga, akawalaza, akawaingiza kwenye pete. Akakaa kusubiri, mkono shavuni.

Panya mzima wa kwanza aliwaka magoti yote mawili. Akawaka mabega. Uti wa mgongo nao ukatokea, pingili baada ya pingili, kama shanga kwenye uzi.

Alidhani amekosea dozi. Akamwingiza wa pili. Yale yale.

Ndipo akakumbuka kitu ambacho mikono yake hufanya bila kumwuliza. Picha hizi daima huwa na ukungu wa mwanga hafifu mwili mzima, unaozichafua. Kila mpiga picha wa kazi ile hushusha mwanga hafifu kidogo kidogo, mpaka kibaki kile kinachong'aa sana, na picha iwe safi ya kumwonyesha mtu. Akafungua picha za wale wagonjwa. Akaurudisha mwanga aliokuwa ameufuta. Goti la kushoto likajitokeza. Mabega yakafuata, kisha taya. Vyote vilikuwemo tangu siku ile. Yeye ndiye aliyevizima.

Alimwita Profesa, mkuu wa maabara, mzee mpole aliyezoea kushindwa. Profesa akavua miwani, akaivaa tena.

"Madini yamedondoka," alisema. "Yamefunguka kutoka kwenye chembe. Yakiwa huru hukimbilia mfupani, ndiyo tabia yake. Na mfupa mgonjwa unajijenga ovyo, kwa hiyo unayavuta zaidi."

"Na dawa yenyewe?"

Waliitafuta. Waliwapasua panya wawili na kupima kiungo kimoja kimoja. Dawa ilikuwa kwenye ini na kwenye wengu, ambako mwili hupeleka takataka zake. Gotini hamkuwa na kitu.

"Basi ndiyo utafiti, mwanangu," Profesa alimfariji. "Bora tumejua mapema."

"Mapema kwa nani?" aliuliza. Mzee hakuelewa, na yeye hakumweleza. Aliwafunika panya kwa kitambaa chao, akavua glavu, akatoka.

Alimkuta Fundi barazani anatafuna uzi. Mama alikuwa sokoni.

"Leo mapema! Umefukuzwa, au panya wamegoma?"

Dada akaketi kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakayeyuka. Akasema tu kwamba mwanga ule haukuwa dawa. Akaeleza jinsi punje hufungwa kwenye chembe, na jinsi ilivyofunguka. Akaeleza hata jinsi alivyoisafisha picha. Fundi alisikiliza akiwa ameshika shati la mtu mikononi. Mwishowe akaligeuza, akaonyesha mahali palipong'oka kifungo.

"Kwa hiyo mliokota kifungo," alisema, "mkatangaza mmempata mwenye shati."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaenda kumkumbatia."

Dada akalia. Fundi alimwacha alie, na haikuwa kwa upole. Alikuwa amekasirika mpaka midomo imekauka.

"Panya wako umewaomba radhi? Kaanze na hao. Maana hao nao uliwaambia watapona." Akashona kifungo, akakata uzi kwa meno, akalikunja shati vizuri sana. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Mama umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie leo. Leo ameamka vizuri. Kesho twende tukakatwe."

Alisema "tukakatwe", wao wawili.

Kabla ya kukata, hospitali walitaka kumwona mwili mzima. Ilikuwa mashine ile ile, ila pete yake ya kuingia mtu. Muuguzi alipokuja na sindano, Fundi akamtazama dada yake: "Mwambie sina mkia, atafute pengine." Muuguzi hakujua kwa nini dada wa mgonjwa alicheka hivyo, halafu akageukia ukutani.

Daktari aliwaonyesha picha. Goti linawaka, hilo walilijua. Na kifuani, kwenye mapafu, palikuwa na vidoa: kimoja, kingine, na vingine vidogo hafifu kama mvuke kwenye kioo. Mkono wa dada ukasogea wenyewe juu ya meza, ukitafuta mahali pa kushushia mwanga. Akaurudisha mapajani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Mwezi ule tulipompangia kulazwa, hivi havikuwepo," daktari alisema. Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu, ingekuwa afadhali.

Mguu ulikatwa. Kifua hakikatiki hivyo. Dawa walizompa zilimwondolea nywele na hamu ya kula, vidoa zikaviacha.

Alipopata nguvu ya kukaa, alitaka barazani. Kazi za watu zilikuwa zimerundikana, na hataki, alisema, kufa akiitwa mwizi wa vitambaa. Mguu wa kushoto ulikuwa umebaki, lakini nguvu za kukanyagia hazikubaki. Basi dada akavuta kigoda, akakaa upande, akaweka mguu wake wa kulia kwenye kikanyagio.

"Polepole! Hii si mashine ya kukimbiza panya. Kanyaga... simama. Kanyaga."

Alikanyaga. Fundi akaongoza kitambaa. Wapita njia waliwatania kwamba cherehani imeota miguu, naye akawajibu kila mmoja, pumzi ikikatika katikati ya neno. Mama alikaa mlangoni akiwatazama. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Tangu aambiwe, alikuwa akimpakulia binti yake chakula bila kumwangalia usoni.

Walimaliza suruali, wakamaliza sare za shule. Siku ya gauni la mwisho Fundi alishona mshono mrefu wa pindo, taratibu, akafika katikati.

"Simama," alisema. "Nipumzike kidogo."

Alilaza kichwa juu ya meza ya cherehani, mkono ukiwa bado umeshika kitambaa. Dada alisimamisha mguu palepale ulipokuwa, kikanyagio kimeinama nusu, na akaendelea kuushikilia hivyo, unatetemeka, akingoja aambiwe akanyage.