Shimo Nyuma ya Kilima

Agnetha alikulia Ngokolo, Shinyanga mjini, kwenye nchi tambarare ambako mtu anaweza kupanda baiskeli asubuhi akafika Tinde bila kushuka kusukuma hata mara moja. Alipohamishiwa Geita kufundisha Jiografia, vilima ndivyo vilivyomsahaulisha upweke wa miezi ya mwanzo. Shemeji yake Fredy, fundi umeme wa magari aliyemwoa dada yake Klara, alikuwa na baiskeli mbili za gia alizozinunua mtumba. Kila Jumamosi wawili hao walitoka mjini wakapotelea kwenye vijia vya mbuzi na vya wakata kuni. Klara hakuwa mtu wa milima. Aliwafungia viazi na mayai, akawaambia wasichelewe, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi hiyo ya Novemba, aliyetaka njia mpya alikuwa Agnetha.

"Shemeji, unaiona ile?" alisema wakiwa juu ya mgongo wa kilima, wote wawili wanahema. Chini yao, upande wa pili, mbali na mji, kijia chembamba kilishuka kwenye bonde la majani marefu, kikapanda tena hadi kwenye moshi mdogo uliokuwa ukifuka mbali kidogo. "Inaenda wapi?"

"Sijawahi kuipita." Fredy alijifuta jasho kwa kiganja. "Nasikia zamani walikuwa wanachimba huko."

"Zamani."

"Zamani sana," Fredy alikubali. Akacheka, akatangulia.

Walishuka kwa raha. Majani yalikuwa yamewafika magotini, kisha yakawafika mapajani, na kijia kikaanza kupotea. Fredy alikuwa mbele kama hatua kumi, mgongoni amebeba mkoba wenye maji, chakula na simu zao zote mbili, maana suruali ya Agnetha haikuwa na mfuko. Alikuwa akisema jambo kuhusu breki ya nyuma. Halafu hakuwa akisema kitu tena. Hakupiga kelele. Agnetha aliona kichwa chake kinashuka ndani ya majani kama mtu anayepiga magoti, kisha akasikia kishindo kizito cha kitu kilichotua mbali, chini kabisa.

Alifunga breki kwa nguvu mpaka akaanguka ubavu.

"Shemeji!"

Alitambaa mpaka pale majani yalipolala. Kulikuwa na tundu lisilozidi upana wa mlango, mdomo wake umezibwa na majani na miti iliyooza. Lilikuwa duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu lililoachwa bila kufukiwa. Alilala kifudifudi, akachungulia. Chini, mita saba au nane hivi, aliona gurudumu la baiskeli bado linazunguka polepole, na kando yake mguu wa Fredy uliopinda vibaya.

"Fredy! Nijibu!"

Hakujibu. Ila simu ndiyo iliita. Ililia mle chini, ndani ya mkoba, kwa mlio ule ambao Fredy aliuweka kwa ajili ya mke wake. Ililia mpaka ikakata. Ikaanza tena. Agnetha aliziba masikio. Aliisikia hata hivyo.

Ilipokata mara ya pili, ndipo alipomsikia Fredy anakoroma. Kwa hiyo yu hai, alijiambia. Yu hai. Akainuka haraka ili akimbie kutafuta watu, na hapo hapo wazo likamgonga, miguu ikagoma. Kama lipo duara moja, yapo mengine. Alitazama bonde zima lile la majani mazuri yaliyokuwa yakilala na kuinuka kwa upepo. Hakukuwa na hata sehemu moja aliyoweza kuapa kwamba chini yake kuna ardhi.

Kurudi mjini kwa njia waliyojia kungechukua zaidi ya saa moja. Kule kwenye moshi kulikuwa karibu, pengine dakika kumi na tano, lakini kote ni majani. Na upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshajenga, jeusi kwa chini. Mvua ikinyesha, maji yote ya mteremko ule yangetafuta pa kuingilia, na Fredy alikuwa amelala mle mle.

Aliinua baiskeli yake. Akaishika kwa tandiko na kuisukuma mbele, gurudumu la mbele litangulie, yeye afuate nyuma na kukanyaga pale tu lilipopita. Hatua. Hatua nyingine. Jasho lilimwingia machoni, hakuthubutu kulifuta. Alijikuta akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na kila namba aliisema kabla ya kushusha mguu.

Alikuwa amefika mia moja na arobaini na kitu baiskeli ilipochomoka mikononi mwake. Ilizama mbele yake kwa mkupuo mmoja. Alisikia chuma kikigonga jiwe, kikagonga tena, kisha kimya kirefu kuliko kile cha shimo la Fredy, na mwisho kabisa mlio wa maji.

Agnetha alikaa chini. Mkojo ulimtoka na hakuona aibu, hakukuwa na mtu wa kumwonea. Alitaka kubaki pale pale alipokaa, asisogee tena maishani mwake. Lakini nyuma yake ngurumo ya kwanza ilipita juu ya kilima. Akalala kifudifudi, akanyoosha mikono mbele, akaanza kujivuta kwa tumbo, akipiga ardhi kwa ngumi kabla ya kuiamini.

Alitokea kwenye moshi akiwa hivyo hivyo, mtu mzima anatambaa, viwiko vimechubuka. Kitu cha kwanza alichokiona ni mabuti mawili ya mpira. Cha pili, sululu.

"Usisogee," mwenye mabuti alisema. "Umekuja na nani?"

Walikuwa wanaume wawili. Mmoja alikuwa mtu wa makamo, ndevu zina mvi, amevaa kofia ya kiislamu iliyogeuka rangi ya udongo. Wa pili alikuwa kijana mpana wa mabega, na huyo ndiye aliyeshika sululu. Nyuma yao kulikuwa na duara jipya, kamba nene, na viroba vya mawe vilivyofunikwa kwa matawi. Hakuna bango, hakuna jina la mtu. Agnetha alielewa mara moja kwamba hawa hawakuruhusiwa kuchimba hapa, na kwamba yeye sasa amewaona.

Mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo."

Mwenye kofia alimtazama pale chini, matope mpaka kwenye kope. "Marahaba," alisema, na sauti yake ikashuka. "Magesa, weka chini hiyo sululu. Dada, nini kimekupata?"

Aliwaeleza. Mtu yule, ambaye mwenzake alimwita Masudi, hakuuliza maswali mengi. Aliuliza tu kama shimo liko upande wa huku au wa kule wa mti uliokatika, na aliposikia jibu alitikisa kichwa.

"Hilo lina hewa mbaya. Magesa, kamba."

"Masudi," Magesa alisema kwa sauti ya chini, "huyu akitoka hapa atakwenda kusema."

"Kamba, Magesa."

Walirudi kwa njia ya kuzunguka ambayo wanaume wale waliijua kwa miguu, wanakwenda kwa kasi, yeye anakanyaga nyayo zao. Matone ya kwanza yaliwakuta ukingoni. Masudi aliwasha kitambaa ndani ya kopo, akakishusha kwa uzi. Mwali ulishuka vizuri, ukapita kifua cha Fredy aliyelala juu ya lundo la udongo, ukafika sakafuni. Pale ukazimika kana kwamba kuna aliyeupuliza.

"Chini kabisa hakuna hewa," Masudi alisema. "Juu ya lundo ipo kidogo. Ameanguka kwa bahati." Alikata tawi lenye majani mengi, akalifunga kwenye kamba na kulipandisha na kulishusha shimoni, juu, chini, juu, chini, kusukumia hewa ndani. Halafu akamgeukia Agnetha, akamtazama kuanzia miguuni. "Una kilo ngapi?"

"Nini?"

"Mtu ashuke amfunge. Kumvuta mwanaume kama huyu kunataka watu wawili wenye nguvu. Wewe huwezi kuvuta. Wewe ni wa kushuka."

Agnetha alimtazama, akamtazama na Magesa, ambaye alikuwa akitazama pembeni. Hakuna mtu duniani aliyejua kwamba yuko hapa. Hata Klara hakuambiwa ni kilima kipi. Watu hawa wawili walikuwa na kila sababu ya kuiachia kamba, na baada ya hapo kazi ingebaki kwa mvua.

"Naogopa," alisema.

"Ogopa ukishuka," Masudi alisema bila ukali, akimfunga kiunoni na mapajani. "Usikanyage sakafu. Simama kwenye udongo alipo yeye. Kichwa kikizunguka, vuta kamba mara tatu."

Walimshusha. Mwanga ulipungua, harufu ya udongo mbichi na kitu kingine kilichooza ikamjaa puani. Kuta zilikuwa zikitoa jasho, na vipande vidogo vilidondoka kila bega lake lilipogusa. Miguu yake iligusa lundo, karibu na mkono wa Fredy. Alipiga magoti. Uso wa shemeji yake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa anapumua, na alipomgusa shavu alifungua jicho moja.

"Klara?"

"Ni mimi, shemeji. Usiongee."

Alijifungua kamba. Kitendo hicho, vidole vyake mwenyewe vikifungua fundo lililomshikilia, ndicho kilichomwia kigumu kuliko kujivuta kote kule kwenye majani. Alimvua Fredy mkoba, akamfunga kama alivyoonyeshwa, akavuta mara moja. Fredy aliinuka. Mguu uliovunjika ulining'inia, akapiga yowe lililojaa shimo zima, kisha akazimia tena na kuendelea kupanda, anazunguka taratibu, mpaka mwili wake ukaziba mwanga wote.

Halafu akatoka juu, na mwanga ukarudi, na kamba haikurudi.

Agnetha alisubiri. Maji sasa yalikuwa yakiingia kwa mifereji myembamba, yakipita kwenye sakafu ile isiyo na hewa na kuanza kuonyesha uso mweusi. Kichwa kilianza kumwuma.

"Nimemaliza!" aliita. "Kaka! Shusheni!"

Hakuna. Mvua tu. Kisha, katikati ya ngurumo mbili, alisikia sauti ya Magesa, si kwa kelele, bali kama mtu anayezungumza na mwenzake tu.

"Tuondoke."

Alisikia neno hilo vizuri kama vile limesemwa sikioni. Hakusikia jibu. Alijibana ukutani, udongo ukimwingia kwenye kola, na hakuita tena, kwa kuwa alihofu kwamba akiita atawaharakisha. Alimfikiria Klara akiipiga simu ile, na mkoba uliokuwa miguuni pake. Akili ikamtuma aufungue, atoe simu, apige. Zipu ilikuwa imeshikwa na udongo, ikamshinda. Alikuwa bado anahangaika nayo kamba ilipompiga begani.

Aliidaka kabla hajaamini kwamba ni kamba.

Alipotokeza juu, Masudi ndiye aliyekuwa amejifunga kamba kiunoni, visigino vimezama kwenye matope, peke yake. Magesa alikuwa hatua kadhaa nyuma, amekaa na kichwa cha Fredy mapajani, ameshika kidevu chake juu ili apumue. Alipomwona Agnetha aliinuka akaja kuishika kamba naye, ingawa sasa haikuhitajika. Hazikupita dakika tano, ukingo mzima wa duara ulijimega na kuingia ndani, na baiskeli ya Fredy ikazikwa mle.

Wanaume wale walimbeba Fredy kwenye machela ya kiroba na miti mpaka njia ya magari. Kabla bodaboda hazijafika Masudi alisema jambo moja tu. "Dada, ukiulizwa, alianguka na baiskeli."

"Alianguka na baiskeli," Agnetha alisema.

Na hospitali alisema hivyo hivyo. Fredy alikuwa amevunjika mguu, nyonga na mbavu mbili, alilala wodini wiki sita. Klara aliambiwa yote, baada ya kuapa kwamba hatayatoa nje. Aliambiwa yote isipokuwa neno lile moja. Agnetha hakujua kwa nini analificha. Alilala nalo, akaamka nalo, na darasani alipochora ramani ya vilima mkono wake ulikuwa ukisita kwenye mabonde. Kwenye majani hakukanyaga tena, hata majani ya uwanja wa shule. Wanafunzi walishangaa kuona Madam anazunguka uwanja mzima kwa njia ya saruji.

Ilikuwa Machi alipomkuta Magesa sokoni, anachagua dagaa. Alitaka kugeuka, lakini kijana alishamwona. Alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anatembea na gongo."

"Yale mashimo tumeyazungushia miiba. Yote tunayoyajua. Masudi amerudi kwao Kigoma." Akasema akitazama dagaa: "Siku ile nilisema tuondoke. Ulisikia?"

Agnetha alitazama chini, akahakikisha bado amesimama juu ya saruji.

"Nilisikia."

"Ukingo ulikuwa unapasuka, niliuona. Niliogopa. Yule mzee hakunijibu, alijifunga kamba tu."

Agnetha alitaka kumwambia kwamba amemsamehe, halafu akaona kwamba hana uhakika, naye hakutaka kumdanganya mtu aliyejileta mwenyewe kusema kweli.

"Hata mimi niliogopa," alisema. "Mpaka leo naogopa."

Magesa alitikisa kichwa. Alimnunulia fungu la dagaa, akalitia mwenyewe kwenye kikapu cha Agnetha kwa ajili ya mgonjwa, akaenda zake.