Milimita Tano na Taa Tatu

Kwa masikitiko makubwa, sina budi kuanza na habari za mifupa.

Maabara ya baiolojia ya shule yetu ya bweni ina kiunzi cha mifupa ya binadamu, cha plastiki, ambacho kwa miaka mingi kilisimama kwenye kona bila cheo chochote. Mimi nilikipa cheo. Jumatatu moja asubuhi nilikivisha koti la makamu wa mkuu wa shule, nikakiketisha kwenye kiti chake na kukishikisha gazeti. Walimu watatu walikisalimia. Wa nne alikiomba ruhusa ya kutoka mapema, na kwa kuwa hakikukataa, akaenda zake.

Mkuu wa shule hakucheka. Yaani alicheka, niliona mabega yakitikisika, lakini alikuwa amegeukia dirishani, kwa hiyo kisheria hakucheka. Kabla ya kupanda cheo alikuwa mwalimu wa kilimo, na adhabu zake bado zina harufu ya udongo.

"Unakwenda nyumbani siku ishirini na nane," alisema. "Siku ya ishirini na tisa asubuhi utasimama hapa na barua ya mtu mzima mwenye akili timamu, akithibitisha kwamba umetunza kitu chenye uhai na kimekua. Sikusema hakijafa. Nimesema kimekua. Ukija mikono mitupu, tafuta shule nyingine ya kuihangaisha."

Baba alikataa kuisaini barua hiyo. Alisema yeye hana akili timamu tangu siku niliyozaliwa. Ndipo nikakabidhiwa kwa dada yake mkubwa, shangazi yangu, daktari wa meno, mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mgonjwa "haitauma" kama itauma.

Nilifika kliniki nikiwa na kopo la maharage niliyoyapanda njiani, ndani ya basi. Shangazi aliyatazama kama anavyotazama meno ya mvuta sigara.

"Mimi sisaini maharage. Maharage huota hata ukiyatukana. Njoo huku."

Alinipeleka chumba cha kusubiria. Kando ya meza ya mapokezi kulikuwa na tangi la kioo, refu kama meza ya kulia watu wanne, lenye samaki wadogo tisa na mimea kumi na mmoja inayoishi ndani ya maji. Naiita mimea kwa heshima tu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa. Juu yake kulikuwa na kitaa kimoja dhaifu, kinachomulika kama mtu anayetoa rushwa kwa siri.

"Wagonjwa wakitazama kijani wanasahau mashine ya kutobolea," alisema Shangazi. "Sasa wakitazama hii wanakumbuka makaburi. Ioteshe. Ikiongezeka milimita tano, nitasaini. Ikiongezeka nne, nitakuombea."

"Shangazi, tatizo ni taa," nilisema kwa uzito wa mtu aliyepata alama arobaini na moja katika fizikia.

"Basi tafuta taa."

Nikatafuta. Duka la pembejeo za kilimo lilikuwa na taa ya kuoteshea miche, ya rangi ya zambarau, na kwenye boksi walichora nyanya inayotabasamu. Ni nani angeweza kuipinga nyanya inayotabasamu? Niliifunga asubuhi iliyofuata, kabla wagonjwa hawajafika.

Dada wa mapokezi, tuliyemwita Bi Foleni kwa kuwa hakuna binadamu aliyewahi kumpita bila namba, ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. Chumba kizima kilikuwa zambarau. Kuta zambarau, koti lake zambarau, na kila aliyefungua mdomo alionekana ametoka kumla jirani. Fizi zilikuwa nyekundu za kutisha, meno yaking'aa kwa rangi ya damu iliyochanganywa na maji. Baba mmoja aliyekuja kusafishwa tu alijiona kwenye kioo cha tangi, akasema "Mama yangu!" na kutoka mbio. Mama wa watoto wawili alikataa kuwaachia waingie ndani. "Huyo daktari anawafanya nini humo?" aliuliza.

"Kamanda," Bi Foleni aliniambia taratibu, "zima hicho kitu kabla sijakuzima wewe."

Shangazi alitoka na glavu zake, akachungulia, akazima. Hakugomba. Hilo liliniogopesha zaidi.

"Kazi ya rangi niachie mimi," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Ana kibao kidogo chenye meno kumi na sita ya mfano, kuanzia jeupe la bwana harusi hadi la kahawia la mzee wa buni, cha kulinganishia rangi kabla ya kutengeneza jino la bandia. Mchana huo tuliingia duka la vifaa vya umeme, yeye mbele kama jenerali, kibao mkononi. Muuzaji aliwasha taa moja baada ya nyingine, Shangazi akiweka meno yake chini ya kila moja na kukunja jicho.

"Hapana, inageuza manjano. Hii nayo inafanya la tatu lifanane na la tano. Washa ile."

Ile ilikuwa taa ya kumulikia ua wa ghala. Mwanga wake ulikuwa mweupe wa kuelekea bluu, mkali kiasi kwamba muuzaji aliiwasha akiwa amefumba macho. Chini yake meno yote kumi na sita yalikuwa meupe.

"Hii!" Shangazi alisema, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Tuliining'iniza juu ya tangi. Wagonjwa walipendeza ajabu. Bi Foleni alionekana mdogo kwa miaka sita na akaanza kujipiga picha. Tuliiacha ikiwaka tangu kliniki inapofunguliwa hadi inapofungwa, jumla ya saa kumi na mbili kamili kwa siku, kwa imani kwamba kama mwanga ni chakula, basi na tule.

Siku ya sita niliona ukungu wa kijani kwenye kioo. Nilimwita Shangazi kwa furaha: kijani kimekuja! Siku ya nane kijani kilikuwa kimefunika majani kama manyoya. Siku ya kumi hatukuona samaki. Hawakufa, ila maji yenyewe yalikuwa supu, na kila baada ya muda pua moja ya samaki iligusa kioo kuomba msaada na kurudi gizani.

"Kinachokua ni mwani," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akiwa na sauti ndogo.

"Mwani una uhai," nilisema. "Na umekua."

Alinitazama. Nikaliondoa pendekezo mezani.

Siku ya kumi na moja tulikwenda tulipopaswa kuanzia: kwa dada anayeuza samaki wa mapambo, kwenye chumba chembamba chenye matangi kuanzia sakafuni hadi darini. Alikuwa amelowa mkono mzima wa kulia na hakuona sababu ya kuufuta. Tulimweleza yote. Tulipofika kwenye kibao cha meno, aliketi.

"Rudieni hapo. Mlichagua taa kwa meno?"

"Ni kipimo cha kitaalamu," alisema Shangazi.

"Dokta, nisamehe, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini mlichagua taa ya kuwapendeza wagonjwa. Nani aliyauliza majani?"

Hata pampu zilionekana kungoja jibu.

Akaanza kutuhoji, na ilikuwa kama mtihani wa mdomo ambao hatukuusomea. Tangi lina kina gani? Hatujui. Lita ngapi? Nyingi. Mimea ya namna gani? Ya kijani, zamani. Alipumua. Kisha akatufundisha, akihesabu kwa vidole vilivyolowa. Mimea ya tangi letu, kwa maelezo yetu ya kubabaisha, ni ile isiyo na makuu; inataka mwanga wa wastani, wenye rangi zote kama wa mchana uliotulia, si bluu tupu wala zambarau tupu. Taa iwe ndefu kama tangi, ili na iliyo pembeni ipate kula. Ikae juu kidogo, si kuyagusa maji. Na iwake saa saba kwa siku, basi.

"Saa saba tu?" nilisema.

"Wewe ukilishwa saa kumi na mbili mfululizo utakuwaje? Jani likishashiba linaacha kula. Mwani haushibi. Mnawasha, majani yamelala, mwani unafanya harusi."

Tuliondoka na taa ndefu, nyembamba, isiyo na mbwembwe, pamoja na swichi ya saa ya kuiwasha saa tatu asubuhi na kuizima saa kumi jioni. Shangazi alibeba boksi mwenyewe. Njiani alisema neno moja tu: "Majani." Baadaye kidogo akatikisa kichwa na kusema tena, "Majani."

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya usafi. Tulibadilisha nusu ya maji, kisha tukapiga mswaki mimea. Naandika sentensi hii nikiwa na akili timamu. Kliniki ilikuwa na boksi zima la miswaki laini ya kugawa, na mimi nilisugua jani moja baada ya jingine, mikono imezama hadi viwiko, Shangazi akinisimamia.

"Usisugue kushoto kulia kama unafuta ubao! Kutoka kwenye shina kwenda nje. Polepole. Na nyuma ya jani je? Watu wote mnasahau nyuma."

Mimea minne ilikatika mikononi mwangu, ikazikwa. Saba iliyobaki Shangazi aliichora kwenye fomu ya mgonjwa, ileile yenye meno, akaipa namba: juu kulia moja, chini kushoto mbili. Alichukua kile kijiti cha chuma chenye alama za milimita anachopimia fizi, akapima kila ncha, akaandika. Basi tukangoja.

Kungoja si kipaji changu. Siku ya kumi na tano, sifuri. Siku ya kumi na nane, sifuri. Siku ya ishirini, chini kushoto mbili ilikuwa imeongezeka milimita moja, labda, ukiitazama kwa upendo. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona kitanda changu cha bweni kikigawiwa mtu anayekoroma.

Basi siku ya ishirini na moja mkono wangu ukarudi kwenye ufundi wake. Kwenye duka la mapambo kulikuwa na mmea wa plastiki, kijani safi, unaofanana kabisa na ndugu zake wa tangini. Niliuchomeka katikati ya chini kushoto mbili wakati Bi Foleni ameenda chai.

Shangazi alikuja saa sita na kijiti chake. Aliingiza mkono, akapima. Akachukua kile kioo chake kidogo cha mdomoni, akagonga jani mara mbili. Tok, tok.

"Nimetengeneza vya bandia miaka kumi na tisa," alisema bila kugeuka. "Unataka nikutajie kampuni iliyolitengeneza hili?"

Wagonjwa watano waliokuwa wamekaa walinitazama. Mmoja alinionea huruma. Alikuwa na jino la bandia.

"Shangazi, nilikuwa..."

"Toa."

Nikatoa.

"Sijasema sitasaini," alisema. "Lakini sasa nitapima mara mbili."

Kuanzia hapo sikugusa kitu ila nilichoagizwa. Niliwalisha samaki kwa kidole na gumba. Nilifuta kioo. Nilisimama mbele ya ile taa kama askari wa zamu na kuikataza mikono yangu kuongeza hata dakika kumi. Habari zilikuwa zimeenea; wagonjwa waliingia wakiuliza "ngapi leo?" kabla ya kutaja maumivu yao, na Bi Foleni alianza kuwapa jibu pamoja na namba ya foleni. "Wewe wa kumi na nne. Mmea uko milimita mbili."

Siku ya ishirini na sita, tatu. Siku ya ishirini na saba, Shangazi alikuwa na upasuaji wa magego, hakupima.

Siku ya ishirini na nane, saa nane mchana, alimwacha mgonjwa kitini na pamba mdomoni, akatoka na barakoa yake, akazamisha mkono. Chumba kizima kilisimama. Mgonjwa mwenye pamba naye alitoka nyuma yake, kitambaa cha kifuani kikining'inia, mdomo upande mmoja umekufa ganzi.

"Imefifa?" aliuliza. Imefika?

Shangazi alipima. Akatoa mkono, akafuta kijiti, akapima tena kutoka upande wa pili. Ndipo nikaona kilichomchelewesha: juu ya ncha ya chini kushoto mbili palikuwa na jani jipya, dogo, la kijani kibichi cha kuumiza macho, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Na kwenye ukingo wake kulikuwa na vipovu. Vipovu vidogo, vimepangana, kimoja kikajitoa, kikapanda juu.

"Saba," alisema Shangazi. "Milimita saba."

Sikumbuki nilifanya nini. Mashahidi wanasema nilimbusu Bi Foleni, ambaye hapendi kubusiwa, na kwamba mgonjwa wa ganzi alijaribu kupiga mluzi na kumlowesha jirani. Shangazi aliketi kwenye meza ya mapokezi, akaandika barua palepale. Niliisoma juu ya bega lake:

*Alikabidhiwa mimea kumi na mmoja. Minne ilikufa, na kwa taa ya pili mimi ndiye mkosaji. Siku ya ishirini na moja alijaribu kunidanganya kwa plastiki. Saba iliyobaki ni hai. Mmoja umekua milimita saba, nimepima mara mbili.*

"Shangazi, ule mstari wa plastiki..."

"Ni kweli au si kweli?"

"Kweli."

Akasaini.

Basi la kunirudisha shuleni lilikuwa linaondoka saa tisa. Nilikuwa na begi, nilikuwa na barua, nilikuwa na dakika arobaini. Nilisogea kwenye tangi kuaga tu, nikaanza kuhesabu vipovu, na nilipofika mia mbili na kitu Bi Foleni aliniuliza kwa upole kama basi hilo lina desturi ya kusubiri watu.

Shangazi alinipeleka mwenyewe kwa gari lake, kilomita tisini, glavu moja ikiwa bado mkononi, akinifokea kuanzia mlangoni mwa kliniki hadi getini mwa shule. Mlinzi alipofungua geti na kuniona, alikimbia kwenda kufunga maabara.