Mguu wa Mshonaji

Mjomba alifika Jumatatu saa tatu asubuhi, bila taarifa, akiwa na begi moja na mguu wa kushoto uliokuwa unaoza.

Wakati huo mwanafunzi alikuwa amepiga magoti mbele ya mshonaji, mikono yote miwili imekishika kigutu cha mguu wake wa kulia. Plasta ilikuwa bado mbichi. Katika kazi ya kutengeneza miguu ya bandia, hapo ndipo mambo huamuliwa. Unazungusha bendeji iliyolowa plasta, unabana kwa vidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, na hubanduki mpaka ikauke. Dakika nne. Ukibana sawasawa, mtu atasimamia nyama inayostahimili uzito. Ukilegea, atasimamia ncha ya mfupa.

Bawabu alichungulia mlangoni. "Wewe mgeni, kuna mzee amekaa chini pale getini. Anataja jina lako tu. Halafu anavuja."

"Anavuja nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Mwanafunzi alihesabu hadi dakika ya tatu, au alijiambia kwamba amehesabu. Akaachia.

"Tayari?" mshonaji aliuliza. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mbili, na miezi minane sasa cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikuwa imefunikwa shuka.

"Tayari, mama."

Haikuwa tayari. Aliivua ile kalibu ya plasta, akaiweka mezani, akatoka mbio.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa mwisho. Miaka mitatu katika nchi ya watu ilikuwa imefika kwenye siku tano na mguu mmoja: Jumatatu kuchukua umbo la kigutu, Jumanne kumimina plasta na kuichonga, Jumatano kuvisha plastiki ya moto, Alhamisi kuunga vyuma na wayo, Ijumaa mgonjwa atembee mbele ya watahini. Kazi yote kwa mikono yako mwenyewe. Ukishindwa, unarudia mwaka, na mgonjwa wako anarudi mwisho wa foleni.

Pale getini mjomba alikuwa amenyoosha mguu kwenye lami. Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda. Harufu ilimfikia mwanafunzi kabla ya salamu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Daktari wetu. Mbona umekonda hivyo? Au huku madaktari hawapewi chakula?"

"Umefikaje huku?"

"Kwa ndege. Ulitaka nije nikiogelea?"

Hospitali ya nyumbani ilitaka kumkata vidole viwili. Hiyo ni wiki tano nyuma. Mjomba alikataa. Akatwe na mtu asiyemjua, wakati mtoto wa dada yake ni daktari wa miguu? Ukoo ukakaa vikao vitatu, wote wakasema mzee ana akili. Wiki tano zikaisha kwenye foleni za viza. Vidole viwili vikawa vitano, vitano vikawa wayo.

Daktari wa miguu. Neno hilo lilitoka kwenye picha. Mwaka wa kwanza mwanafunzi alimtumia mama yake picha akiwa amevaa koti jeupe, na mama akaitia fremu, akaitundika sebuleni mkabala na mlango ili mgeni asiikwepe. Koti lilikuwa la kuzuia vumbi la plasta. Chuoni hata wafagiaji walikuwa nalo.

Alimpigia mama yake mchana, amesimama nyuma ya karakana ili asisikike.

"Mama, kwa nini hukuniambia anakuja?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Nina mtihani wa mwisho. Wiki hii. Leo hii."

"Mtihani si utarudia? Mguu haurudiwi, baba. Ndiye aliyekulipia shule tangu darasa la tatu. Leo anakuhitaji siku chache unanipigia kelele?"

"Mama, unajua mimi si daktari. Nilikueleza."

"Unavaa koti, unashika miguu ya watu. Mimi nisemeje kwa majirani? Niseme unachonga?"

"Ndiyo! Sema nachonga!"

Mama alikuwa ameshakata simu.

Aliporudi mezani alichungulia ndani ya kalibu. Alama za vidole gumba zilikuwa hafifu, kama za mtu aliyegusa unga akaghairi. Ilibidi mshonaji aitwe kesho, umbo lichukuliwe upya. Nafasi ilikuwepo. Jumanne nzima ilikuwepo.

Jumanne ikaliwa na hospitali. Mjomba hakujua neno hata moja la lugha ya pale, na kila dirisha lilitaka mtu wa kumsemea: jina, umri, dawa anazotumia, lini sukari ilipimwa mara ya mwisho. Kabla ya kwenda, mwanafunzi alipitia kwa mwalimu wa karakana kuomba mtihani uahirishwe. Mwalimu alitoa fomu. Ilikuwa na visanduku vinne: baba au mama, mume, mke, mtoto.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Mjomba. Ndiye aliyenilea."

"Mjomba hayumo."

"Nimekuambia ndiye aliyenilea."

"Nami sijakubishia. Nasema hayumo kwenye fomu."

Mwanafunzi aliikunja fomu mara nne mpaka ikakataa kukunjika zaidi. Mtu aliyemvisha viatu vyake vya kwanza vya shule hakuwa na kisanduku. Alitamani kuivunja ile meza. Alisema asante, akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi la chuma kwa muda wa saa saba, na mjomba kando yake akiwaeleza wagonjwa wengine, kwa lugha wasiyoijua, kwamba huyu mnayemwona hapa ni daktari.

"Mjomba, nyamaza kidogo."

"Ninyamaze kwa lipi? Nimeiba?"

Jumatano walimwona mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani minene. Aliuangalia mguu kwa muda mfupi sana, akavua glavu.

"Mwambie hivi. Wiki tano zilizopita ningetoa vidole viwili. Leo natoa chini ya goti. Ijumaa saa nane mchana. Tukingoja zaidi, tutatoa juu ya goti, au tutamzika."

"Anasemaje?" aliuliza mjomba.

Mwanafunzi alimgeukia mzee. Akamtafsiria yote, isipokuwa kuzika.

Mjomba alicheka kwa pua. "Mwambie na wewe ni wa kazi hiyohiyo. Kaeni wawili muelewane. Mimi nangoja nje."

"Mjomba, mimi si daktari."

"Unasemaje?"

"Si daktari. Sijawahi kuwa. Natengeneza miguu ya bandia. Mtu akishakatwa, akapona, ndipo anakuja kwangu."

Mjomba alimtazama mpasuaji, akamtazama mpwa wake, kana kwamba mmoja wao angetoa tafsiri nyingine.

"Na ile picha?"

"Koti la vumbi."

"Miaka mitatu natangaza. Msibani, harusini, kwenye kila kijiwe cha kahawa. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ungesema neno moja tu," mjomba alisema taratibu, "ningekatwa kulekule. Vidole viwili. Saa hizi ningekuwa shambani nagombana na mbuzi wa watu."

Mwanafunzi alikuwa amejaza kifua maneno ya kumtupia: kwamba hakuna aliyemuuliza, kwamba mzee mzima haikatai hospitali akakimbilia picha ya ukutani, kwamba ni wao waliotaka daktari na yeye alitaka tu wamwache asome. Yote yalikuwa kweli. Yote yaligota kwenye neno moja ambalo hakulisema kwa miaka mitatu kwa sababu ilimpendeza kuitwa daktari. Aliichukua kalamu, akamwonyesha mjomba pa kutia sahihi kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

"Shika hapa. Bonyeza."

"Najua kuandika jina langu," mjomba alisema, na akaliandika.

Alhamisi alifanya kazi ya siku tatu. Mshonaji hakuitwa, hapakuwa na saa ya kumwita. Alimimina plasta kwenye kalibu ileile yenye kasoro, akaichonga kwa macho, akipunguza chini ya pia ya goti kwa kukisia mahali vidole vyake vilipotakiwa kuwa. Tupa ililia. Vumbi lilimwingia puani. Plastiki ilitoka kwenye tanuri ikining'inia kama maziwa mgando, akaivisha, pampu ikanyonya hewa, ikashika. Kwa kuitazama ilikuwa nzuri. Hata mwalimu alisimama akaigusa ukingoni na kuguna. Mwanafunzi aliijua kasoro iliyokuwa ndani yake, akaendelea kukaza skrubu kwa hasira, moja baada ya nyingine, mpaka bisibisi ikamchubua kiganja.

Ijumaa saa nne mshonaji alikuja na boksi la viatu. Viatu vya kahawia, vya kisigino kifupi.

"Cha kushoto nimekivaa mpaka kimeanza kuchakaa," alisema. "Cha kulia hakijagusa ardhi. Nimetoa shuka kwenye cherehani jana. Nimeitia na mafuta."

Watahini watatu walikaa kwenye viti. Mshonaji alivishwa mguu, akashika vyuma vya pembeni, akasimama. Akaenda, akarudi. Mzunguko wa kwanza alitabasamu. Wa pili tabasamu likapotea. Katikati ya wa tatu alianza kurusha kiuno kando, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Unaumia?" aliuliza mtahini mkubwa.

"Hapana. Naweza. Niacheni niende."

"Kaa chini, mama. Vueni."

Mwanafunzi alipiga magoti, akavua. Kwenye ncha ya mfupa soksi ya kigutu ilikuwa na doa la damu la ukubwa wa kifungo cha shati. Watahini waliinama kuliangalia, wakaandika.

"Siku ile uliachia mapema," mshonaji alimwambia mwanafunzi kwa sauti ya chini. "Nilihisi vidole vinaondoka. Nikasema yeye ndiye aliyesoma."

"Nisamehe, mama."

"Usiniambie nikusamehe." Alikuwa anakivua kiatu cha kulia kwenye ule mguu wa plastiki, akikirudisha kwenye boksi. "Ungeniambia tu. Jumanne nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nyumbani siku nzima."

Saa nane mchana walimwingiza mjomba chumba cha upasuaji. Saa kumi na nusu walimtoa. Mwanafunzi alikuwa kwenye korido na barua ya chuo ya kurudia mwaka mfukoni.

Mjomba: mguu wa kushoto, kuanzia upana wa vidole nane chini ya goti. Mwanafunzi: mwaka mmoja. Mshonaji: wiki kumi na nne nyingine za magongo, na kidonda kimoja ambacho hakuwa nacho Jumatatu.