Nafasi ya Mabomba Arobaini

Jumatatu asubuhi, mtoto mgongoni na mwiko mkononi, Mama Kokoto alikuwa akimalizia kutandika zege kwenye mita ya mwisho ya kichochoro chao. Jina hilo alibandikwa na majirani tangu aanze masomo ya jioni ya ujenzi, kwa kuwa alikuwa akirudi na kokoto mfukoni kama wenzake wanavyorudi na peremende. Zege lake halikuwa na mchanga. Lilikuwa kokoto, saruji na maji kidogo tu, ili mvua ipenye iende zake ardhini, na jua likiwaka, unyevu upande juu kupoza nyayo za watu.

"Zege bila mchanga," alisema shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi mwashi tangu ujana. "Shemeji, hapa umetandika chujio."

"Ndiyo, shemeji. Nimetandika chujio."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mchele. Kila mwaka mafuriko yaliingia nyumbani mwake bila hodi, na mara ya mwisho yalimchukulia cherehani. Ubao wa ofisi ya mji, uliosimama mwanzo wa kichochoro, ulisema kuwa hata mabomba arobaini ya kupitisha maji ya mvua, manene kama mapipa, yaliyofukiwa mtaani humo, yalizolewa na mafuriko hayohayo.

Afisa wa ofisi hiyo, ambaye wote walimwita Bwana Barabara, alikuwa ameshatoa neno: mvua ya kwanza ikiacha dimbwi hata moja, chujio litafunikwa kwa zege la kawaida. Na zege la kawaida ndilo lililokuwa likiyasukumia maji majumbani.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana, saa mbili mfululizo. Kichochoro kiliinywa. Ilipokatika, vitu vikaanza kutoka. Kwanza ilitoka kandambili ya kushoto, ikapenya katikati ya kokoto kama jasho, ikakaa juu, kavu. Zikafuata sufuria mbili, kitanda cha mtoto, albamu ya picha za harusi, na mlangoni kwa mama mkwe, cherehani, uzi bado umo kwenye sindano.

Mama mkwe alizungusha gurudumu lake. "Imetiwa mafuta," alisema. "Huko chini kuna watu wenye adabu."

Majirani walitoka na vikapu, kila mtu akachukua chake. Waliogombania viatu waliulizwa namba ya mguu, mambo yakaisha.

Saa kumi alifika Bwana Barabara na rula yake. Alizikwepa sufuria, akaruka kitanda, akafika mlangoni kwa shemeji, akainama. Palikuwa na dimbwi. Rula ilisoma sentimita nne.

Mama Kokoto alimtazama shemeji yake. Shemeji alitazama paa.

"Niliongeza mchanga kidogo," alisema. "Hapa kwangu tu. Nikapiga na mwiko pakalainika. Watu wangesemaje, mlangoni kwa fundi pana matundu?"

"Dimbwi ni dimbwi," alisema Bwana Barabara, akafungua daftari.

Mama Kokoto alimkabidhi mama mkwe mtoto, akaleta nyundo na tindo, akapiga katikati ya dimbwi mara tano. Maji yalishuka yakigugumia. Punde ikapanda suruali ya harusi ya shemeji, imepigwa pasi. Nyuma yake ukapanda mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao.

"Huo wangu," alisema Bwana Barabara. "Ulinitoka mwaka juzi, nilipokuja kukagua mafuriko."

"Chukua, baba," alisema mama mkwe. "Humu hakuna mwizi."

Aliuchukua. Alipima tena, akapata sifuri, akaandika sifuri. "Libaki kama lilivyo," alisema, na Mama Kokoto akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatatu.

"Na mabomba?" aliuliza mama mkwe.

Bwana Barabara alifunua kurasa. "Yalizolewa na mafuriko, mama."

"Mafuriko yamenirudishia hata sindano. Mabomba yameyazuia ya nini?"

Alilifikiria hilo kwa moyo wote. "Yatakuwa mazito," alisema, akaandika: *Mabomba arobaini, bado yako njiani.* Kisha akaenda zake, mwavuli kwapani.

Ubao haukuondolewa, na kichochoro cha pili bado maji yanaingia bila hodi. Kwa Mama Kokoto, vitu vilishakwisha kutoka, ila kando ya ukuta wamezungushia mstari wa chokaa nafasi ya kuwatosha wageni arobaini wanene, na kila asubuhi mtu hupafagia. Ndipo penye ubaridi kuliko pote, kwa hiyo mchana mtoto hulala hapo, na mama mkwe hushona. Wingu likitanda, huinuka na cherehani yake.

"Mnyanyue mtoto, mwanangu," humwambia mkwewe. "Serikali isije ikarudi ikakosa pa kukaa."