Kiitaliano Nilichojifunza Jikoni

Miezi michache baada ya kumzika mke wangu Hilkka, binti yetu Marjut alinipigia simu kutoka Napoli, alikoolewa.

"Baba, Ilaria anataka kuja kukaa kwako likizo ya kiangazi. Lakini nitamwachaje na mtu asiyeweza hata kumuuliza kama ana njaa?"

Ilaria ni mjukuu wangu wa pekee, ana miaka sita, na hajui neno la Kifini. Hilkka ndiye aliyekuwa akielewana naye, kwa ishara na kwa keki.

"Nitajifunza," nikasema.

"Baba, una miaka sabini na moja."

"Kwani Kiitaliano kina umri wa kustaafu?"

Nikapiga simu halmashauri, kwenye masomo ya jioni. Mama mmoja mwenye sauti laini kama siagi akaniambia darasa la Kiitaliano limefutwa, watu waliojiandikisha ni wachache. "Ila nafasi za yoga zipo, bwana," akasema. Hao wa halmashauri ndio wale wale waliofunga zahanati yetu na kututangazia kwamba si neno, barabara ya kwenda hospitali ya mjini ni nzuri. Ni nzuri kweli. Hilkka alifia juu yake, ndani ya gari la wagonjwa.

Basi nikajifunza nyumbani. Gari la maktaba, ambalo wakubwa walikuwa bado hawajakumbuka kulifuta, likaniletea kitabu pamoja na sidii zake. Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kukata miti, kwa hiyo zile kurasa za sarufi nilizipita kama unavyompita mbwa mkali, bila kumtazama machoni. Nilichukua sentensi nzima nzima nikazitia mdomoni kama zilivyo. Niliviambia viazi kwenye sufuria. Nilizisema nikipasua kuni. Na kwenye sauna, nikiwa peke yangu juu ya benchi katikati ya mvuke, nilizipaza kwa nguvu, maana joto lile hulegeza taya.

Jirani yangu Kalervo akanisimamisha njiani.

"Oiva, nasikia umeokoka."

"Nani kasema?"

"Si unanena kwa ndimi huko sauna? Mbwa wangu hataki tena kupita upande wako."

"Ni Kiitaliano."

"Kumbe. Na hao Waitaliano watakuelewa?"

"Wewe Kifini chako, mkeo anakielewa?"

Akafikiri kidogo. "Jumapili, akiwa amepumzika."

Barafu ilipoanza kupasuka ziwani, nilikuwa nasikiliza redio ya Italia kwenye simu na kuwaelewa wanasiasa wao. Wanadanganya kwa ufundi kuliko wetu, hilo lazima niwape.

Mwezi wa Juni wakaja: Marjut, mumewe Salvo, Ilaria, na mama yake Salvo, bibi mmoja mfupi aitwaye Assunta, ambaye ndiye mwenye kauli katika nyumba yao. Marjut alinivuta pembeni kabla hata hawajashusha mizigo.

"Baba, tunaondoka Jumapili. Mama mkwe akiridhika, Ilaria anabaki hadi Agosti. Asiporidhika, tunaondoka naye. Mimi na yeye hatuwezi kugombana mwaka mzima kwa ajili ya hili. Kwa hiyo ongea. Umesema unajua, ongea."

Nikawaandalia samaki wadogo wa ziwani wa kukaanga, viazi vipya na mkate wa shayiri nyeusi. Tukakaa. Nilikuwa na sentensi zangu tayari, nimezipanga kama kuni.

Sasa, sisi hapa tuna utaratibu wetu. Mtu akisema, unamwacha amalize. Akimaliza, unaacha pumzi ipite, kumwonyesha kwamba umeyapokea maneno yake. Halafu unasema yako. Mwenye kuingilia tunamwona hana malezi. Basi nikasubiri wamalize.

Hawakumaliza. Assunta alikuwa akisema juu ya samaki, Salvo akasema juu ya maneno ya mama yake, Marjut, binti yangu mwenyewe niliyemlea, akapanda juu ya wote wawili, na mtoto alikuwa akiimba. Nilikuwa naelewa yote. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikaufungua tena. Samaki wakaisha.

Ndipo Assunta akamwambia mwanawe, mbele yangu, kwa Kiitaliano cha kawaida kabisa: "Maskini, mtu mzuri, lakini ni kama kabati. Utamwacha mtoto na kabati?"

Marjut akaniangalia. Nilijua anasubiri niseme kitu, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja zile kelele zipungue. Nikainuka nikaenda kuwasha moto wa sauna.

Ilaria akanifuata hadi kwenye kuni.

"Babu, unanielewa?" akaniuliza.

"Nakuelewa."

"Mbona mezani huongei?"

"Nasubiri mnyamaze."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nangoja ziwa likauke. "Sisi hatunyamazi. Bibi akinyamaza, baba anaita daktari."

"Sasa mtu anaongea saa ngapi?"

"Wakati ule ule," akasema. "Unaingia tu. Usipoingia wanadhani umekasirika."

Nikakaa juu ya gogo. Majira yote ya baridi nimefundishwa maneno, wala kitabu hakikunipa hilo hata mara moja. Waliokitunga bila shaka wanalipwa mshahara mzuri.

Jioni tulikaa kunywa kahawa. Assunta alikuwa ameshaanza: mbu wa huku, maji baridi ya ziwa, mtoto ataugua, kuna daktari gani huku msituni? Alikuwa katikati kabisa ya neno nilipopiga meza kwa kiganja. Jasho lilinitoka mgongoni. Hilkka angenipiga teke chini ya meza.

"Daktari hakuna!" nikasema kwa Kiitaliano. "Wamemfuta! Hapo tuko pamoja, mama. Lakini maji nayajua mimi, nimezaliwa juu yake, na mtoto hataingia bila mimi—"

"Na mbu?" akasema juu yangu.

"—na mbu ninayo dawa yake, na viazi anavila, nimemwona—"

"Viazi si chakula cha kila siku!"

"—nimekula kila siku, niangalie!"

Hakunyamaza, na mimi sikunyamaza. Tulisema pamoja, yeye kidole juu, mimi kijiko juu, sentensi zangu zikitoka zimevunjika miguu lakini zikikimbia hivyo hivyo. Salvo alikuwa anacheka. Marjut aliufunika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakipita katikati ya vidole.

Assunta akajimiminia kahawa tena. "Huyu mzee ana kelele," akamwambia Marjut, kwa sauti ya mtu anayesifu kitambaa dukani. "Mtoto hatakuwa mpweke."

Jumapili gari liliondoka bila Ilaria. Alisimama kando yangu uani, mkono wake ndani ya mkono wangu. Assunta alikuwa ametoa kichwa dirishani, akiagiza juu ya kofia, juu ya soksi, juu ya nyama iive sawasawa, na mimi nilikuwa namjibu papo hapo, sauti juu ya sauti, hadi gari likapinda kwenye miti. Nikaendelea kidogo hata hapo, kwa kuwa nilikuwa bado sijamaliza.