Moshi wa Shemeji

Mume wa Mama Spana alizikwa asubuhi. Mchana ule ule, mdogo wake marehemu aliingia gereji, akachukua gari la mashindano la kaka yake na ufunguo wake, akaondoka. Mjane alikuwa chumbani, amekaa sakafuni, akausikia mngurumo. Injini ile waliifunga wawili, mume na spana, mke na taa, na wakati mwingine kinyume chake.

Alimeza donge, akalifuga kama kuku wa kuchinja.

Shemeji akawa maarufu kwenye kiwanja cha ndege kilichostaafu, ambako magari hushindanishwa mawili mawili, moja kwa moja bila kona. Sifa yake ilikuwa moshi. Taa ya kijani ikiwaka alikanyaga mafuta mpaka mwisho, matairi ya nyuma yakazunguka palepale yakilia, na wasichana wakakohoa kwa mapenzi. Gari lilikuwa na nguvu za kumbeba yeye na ujinga wake, kwa hiyo alishinda. Kisha aliunyooshea kidole ule ubao wa mwishoni unaoandika kasi, utadhani kauzaa yeye.

Siku moja Mama Spana akatokea na kigari chake cha kubebea vipuri, mlango umebonyea. Mbele ya watu akamwambia shemeji wakimbizane, atakayefika kwanza aondoke na magari yote mawili. Shemeji alicheka akishika mbavu, akauliza kama kile ni gari au kabati la vyombo. Chini ya boneti kulikuwa na mambo mengine kabisa, ila hilo hakuuliza, na Mama Spana hakuona haja ya kumwambia.

Walipojipanga kwenye mstari, Mama Spana akachungulia dirishani.

"Shemeji, mbona siku hizi moshi wako umepungua? Watu wanasema umezeeka."

Uso wa shemeji ukabadilika. Mama Spana akapandisha kioo chake, ameridhika.

Taa ikawaka. Shemeji akakanyaga kama anayeua nyoka. Gari likafanya kila kitu isipokuwa kuondoka. Mama Spana, aliyekuwa amepunguza upepo kidogo kwenye matairi ili yaing'ang'anie lami, aliachia klachi taratibu kama anayemlaza mtoto, akachomoka bila moshi hata wa kufukuzia mbu. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma aliona wingu jeupe tu.

Kisha matairi ya shemeji yakashika. Mngurumo ule ule wa siku ya mazishi ukaja nyuma yake, ukakua, ukafika ubavuni. Mama Spana akavuka mstari wa mwisho, na papo hapo gari la marehemu likampita kama limetupwa.

Shemeji alishuka akiunyooshea kidole ubao. Kasi yake ilikuwa kubwa kuliko ya Mama Spana. "Nimekupita, na kila mtu ameona."

"Umenipita kweli," Mama Spana akasema. "Umenipita nikiwa nimeshafika. Kasi ni yako, nenda nayo nyumbani. Ufunguo niachie."

Mashahidi walikuwa wengi mno, ubishi haukuwezekana. Shemeji akautoa ufunguo, kisha akauliza kwa sauti ndogo atarudije mjini.

Mama Spana alikifunga kigari chake kwa ufunguo, akaingia kwenye gari la mumewe, akarekebisha kiti, akalirudisha nyuma mpaka matairi yakawa karibu na miguu ya shemeji. Akashika breki, akakanyaga mafuta, akayazungusha matairi palepale, kwa makusudi na kwa muda mrefu, mpaka mtu mzima akapotea ndani ya moshi na kilichobaki kikawa kikohozi.

Ndipo akaondoka. Taratibu.