Jina Lililoachwa Jalalani

Tangu azaliwe, Jalala hakuwahi kuulizwa anataka kuitwa nani. Sasa, akiwa mama wa binti aliyekwisha kuposwa, swali hilo lilimkuta kwenye benchi la kanisa la kigango, huko juu Mgeta, siku ya mafundisho ya watu wazima. Katekista Gabrieli alifunga kitabu chake, akawatazama wanafunzi wake, akasema kila atakayebatizwa Pasaka achague jina.

"Na wewe Mama Judith, fikiri vizuri zaidi," aliongeza. "Baada ya Pasaka nitatangaza ndoa ya binti yako. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema Judith ni binti wa Mama Judith. Watauliza kama nimelewa."

Watu wakacheka, naye Jalala akacheka nao. Lakini moyoni alijua katekista amegusa penyewe. Jina la Mama Judith lilikuwa limemsitiri kwa miaka mingi kama mwavuli, na chini ya mwavuli huo alikuwapo Jalala, ambaye hakupenda aonekane na watu.

Aliitwa hivyo kwa sababu alitupwa jalalani, tena na mama aliyempenda. Kabla yake, mama huyo alikuwa amewazika watoto wengine wachanga. Alipozaliwa huyu, wazee wa ukoo wake wakashauri kwamba kifo kihadaiwe. Mtoto akaviringishwa katika kipande cha khanga kuukuu, akalazwa juu ya majivu na maganda ya ndizi nyuma ya jiko, na mama yake akaondoka bila kugeuka nyuma. Jirani aliyeitwa Magdalena, wakati huo bi harusi mpya, alikuwa amekwisha kupangwa kujificha kwenye migomba. Akajitokeza kama mpita njia, akamwokota mtoto na kusema kwa sauti, "Nimeokota takataka. Nani anaitaka?" Mama akamnunua mwanawe kwa kikapu cha maharage. Kifo, kikisikia ni takataka, kisingejisumbua kuja kuichukua.

Na kweli hakikuja. Mtoto akakua, na jina likakua naye. Shuleni wenzake walimmwagia maganda ya ndizi miguuni wakisema wamemletea chakula. Zahanatini, muuguzi alipoliita jina lake, benchi zima liliinua macho. Hata Judith, alipokuwa darasa la pili, aliulizwa na mwalimu jina la mama yake, akajibu kwamba mama hana jina.

Basi Jalala akaanza kutafuta jina kwa bidii ileile aliyotumia kuchagua mbegu. Siku za soko alishuka Morogoro mjini na karoti na njegere zake, akapanga biashara karibu na Asha, mwanamke wa Kilosa aliyeuza dagaa na nazi. Asha ndiye aliyempa maarifa.

"Jina ni kama kiatu cha mtumba, shoga. Usilinunue kwa kulitazama. Livae, utembee nalo siku nzima, uone panapobana."

Wakakubaliana. Kila siku ya soko Jalala angevaa jina moja, na Asha angemwita kwa kumshtukiza.

Walianza na Devotha.

"Devotha, niazime kisu," Asha alisema. Jalala akaendelea kupanga karoti. "Devotha. We Devotha, au masikio umeyaacha milimani?"

"Kumbe ni mimi."

"Ni wewe tangu asubuhi. Nimemtuma mtu amuulizie Devotha, ukamwambia hayupo."

Juma lililofuata akawa Bernadeta. Jina hilo lilimfanya akae wima, mikono kifuani, kama mwenyekiti wa kamati ya maji. Aliona jambo la ajabu: wateja waliomsikia akiitwa Bernadeta walimwamkia kwanza ndipo wakauliza bei. Lakini jioni mgongo ulimuuma. Siku nyingine Asha akamshawishi ajaribu Shadia.

"Nibatizwe Shadia? Katekista atazimia."

"Lionje tu. Kuonja si kula."

Siku hiyo Jalala alicheka kuliko siku zote, akajiuliza kama kicheko kilitokana na jina au kilikuwamo ndani yake siku zote, kikingoja mtu wa kukiita. Swali hilo alilibeba hadi nyumbani.

Jina lenyewe lilikuja bila kuitwa. Mwanamke mmoja wa Gairo, aliyekuwa amekuja mjini kuuza karanga, alisimama kununua karoti za njiani. Kutoka kwenye lori mtu akapaza sauti, "Eufrazia." Mwanamke hakushtuka. Alichagua karoti yake, akaigonga udongo utoke, akaitia kikapuni, kisha ndipo akageuka, taratibu, kama mtu anayejua kwamba jina lake litamngoja.

Jalala alimkodolea macho mpaka lori likaondoka. Maisha yake yote yeye aligeuka upesi, ili jina lake lisiitwe mara ya pili.

"Nimelipata," akamwambia Asha.

"Umeliiba. Mwenyewe bado yuko njiani, hata Dumila hajafika."

Akabatizwa Eufrazia parokiani, upande wa pili wa mlima, pamoja na watu wengi wa vigango vingine; kutoka kitongoji chake alikuwa peke yake. Alimpigia simu Judith, aliyekuwa fundi cherehani mjini, akamwambia. Judith alilitamka jina hilo polepole. "Ni zuri, Mama. Mama mkwe atalipenda." Maneno hayo yalimfurahisha na kumchoma, na hakujua lipi lilitangulia.

Jambo moja tu lilimshinda: kumwambia Bibi Magdalena. Yule jirani wa migombani alikuwa bado hai, mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Jina la Jalala lilitoka katika mikono yake. Kulitupa, Jalala alifikiri, ni kuiambia mikono ile kwamba haikufanya kitu. Mara kadhaa alimpelekea kabichi akiwa amejiandaa kusema, lakini alipofika waliishia kuzungumzia mvua. Kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote kitongojini, akingoja siku nzuri. Siku nzuri haikutokea, na Jumapili ya tangazo la kwanza ikafika.

Kanisa lilijaa. Amosi, mchumba wa Judith, alikuwa amepanda kutoka Mazimbu pamoja na mama yake, wakaketi mbele na Judith. Padre hakuwapo siku hiyo, hivyo ibada iliongozwa na katekista. Mwishoni akasimama kutangaza.

"Amosi, mwana wa Jonathan na Tabu, wa Mazimbu, anatarajia kufunga ndoa na Judith, binti wa marehemu Mikaeli na Eufrazia, wa kigango hiki. Anayejua kizuizi chochote atoe taarifa."

Jalala alikuwa akingoja kusikia jina lake. Lilipopita, kwa kitambo kidogo akajiuliza ni la nani. Kabla hajajijibu, fimbo iligonga sakafu na Bibi Magdalena akasimama.

"Katekista, mimi ninacho kizuizi."

Gabrieli alivua miwani. "Bibi, taarifa hutolewa baada ya ibada, kule ofisini."

"Nikifika huko nitakuwa nimesahau hasira yangu. Mikaeli namjua, na kaburi lake nalijua. Huyo Eufrazia ni nani? Judith alizaliwa mimi nikimshika mama yake mabega, na mama yake ni Jalala. Kama marehemu alikuwa na mwanamke mjini, hayo ni yake na Mungu wake. Lakini mtu hawezi kunyang'anywa mtoto wake kanisani, nami nimekaa natazama."

Minong'ono ikaenea. "Mimi nilisema," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kwa nyuma. "Zile safari zake za kuvuna mpunga Dakawa. Mpunga gani ule usioisha?"

Jalala alitazama mbele. Aliona kisogo cha Judith, kilichoinama, na uso wa mama yake Amosi, uliogeuka kutazama nyuma. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Eufrazia ni mimi."

Bibi Magdalena alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni Jalala."

"Ndiyo, Bibi. Na Eufrazia ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na Pasaka mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekufa?"

Watu wakaangua kicheko, lakini kikongwe hakucheka. Alichukua fimbo yake akatoka. Katekista akasema tangazo litasomwa upya Jumapili ijayo, endapo aliyeweka kizuizi atakuwa amekiondoa mwenyewe.

Wageni walipelekwa nyumbani kwa Jalala wapate chakula wakati wakingoja gari la kushuka mjini. Judith na mama yake wakafuata njia ya kwenda kwa Bibi Magdalena, kati ya matuta ya njegere. Kisha Judith akasema, "Mama Amosi ameniuliza kwa nini bibi yule anakuita Jalala."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui."

Mama aliendelea kutembea. Katika miaka yote ya maganda ya ndizi, hakuna neno lililompata kama hilo, kwa sababu lilisemwa bila ubaya.

Bibi Magdalena alikuwa kibarazani akichambua maharage. Walimwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia bila kuinua uso.

"Umechukizwa kwa sababu nimelitupa jina ulilonipa," Jalala alianza.

"Nani kakwambia nilikupa? Lile lilikuwa la kukufunikia tu, kama jani la mgomba juu ya chungu. Chakula kikiiva jani linatolewa. Ulipoota meno mama yako alipaswa aniite nije nilivue, akafariki kabla. Mimi ningejiitaje? Mwokotaji huitwa, hajipeleki. Nimekaa nangoja uje kuniita. Ukaolewa, hukuja. Ukazaa, hukuja. Leo nasikia umelivua peke yako, gizani, kama mwizi wa kuku."

"Miaka yote hiyo, Bibi, mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Jalala alijiona mjinga, na pamoja na ujinga huo akahisi udadisi uleule wa sokoni ukimwamka. "Linavuliwaje?" akauliza.

"Pale pale lilipovalishwa."

Jalala alikuwa bado anaishi katika ardhi ya mama yake, na jalala lilikuwa palepale nyuma ya jiko, limeota maboga. Basi alasiri ile watu wa kitongoji, waliokuwa wamefuata harufu ya habari, walimwona mama mtu mzima katika kitenge chake cha kanisani akikaa juu ya majivu na maganda. Mama Amosi na mwanawe nao wakatoka ndani, wakasimama kando ya migomba wakitazama. Jalala alishika magoti yake. Jivu lilikuwa vuguvugu. Aliwaza kwamba mama yake alisimama hapa hapa, akaondoka bila kugeuka nyuma, na kwa mara ya kwanza akajiuliza shingo ile ilikuwa na uzito gani.

Bibi Magdalena alijikongoja kutoka kwenye migomba kama mpita njia. Hakuweza kumwinua. Akamshika mkono tu.

"Nimeokota takataka," akasema kwa sauti. "Nani anaitaka?"

Kwa desturi mama ndiye anayejibu, na mama hakuwapo. Bibi akarudia. Judith alimtazama mama mkwe wake, akatazama watu, akatazama mkono wa mama yake ndani ya mkono uliokauka. Kisha akakimbilia jikoni. Alitoka na kikapu cha mchele wa Dakawa, kilekile walicholetewa asubuhi na wageni, akakitua miguuni pa kikongwe.

"Naitaka mimi," akasema, na sauti yake ikapanda. "Ni ya kwangu. Jalala ni mama yangu, na hapa ndipo alipookotwa ili aishi. Kama nilisema sijui, nilisema uongo."

"Mchele ni mzuri," Bibi alisema akiupitisha vidoleni. "Mchukue. Alikuwa Jalala, sasa jina hilo libaki hapa na maboga. Na hiki nilichokuuzia kinaitwaje?"

"Mwenyewe ndiye aseme."

Mama alikuwa amekwisha kusimama. "Eufrazia," akasema, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Akaondoka jalalani. Alikuwa amefika mlangoni pa jiko Bibi Magdalena alipomwita kwa nyuma, kwa kumshtukiza, kama vile Asha alivyokuwa akifanya sokoni. "Eufrazia."

Alipangusa jivu kwenye kitenge, akabandua ganda la ndizi lililonasa kwenye pindo, ndipo akageuka.

"Abee, Bibi."

"Mwambie Gabrieli kizuizi changu nimekiondoa."

Mama yake Amosi akasogea hadi penye maboga. Alilichungulia jalala lile kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Bibi, samahani," akasema. "Mimi naitwa Tabu tangu nizaliwe, na sijawahi kukutana na mtu wa kumuuliza jina linavuliwaje. Hili jalala lenu linapokea na watu wa Mazimbu?"

Bibi Magdalena alikivuta kikapu karibu na miguu yake.

"Inategemea," akasema. "Mchele mwingine mmebakiza?"